Radoni mgodini: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu kuitoa kwenye hewa ya chini ya ardhi

Haya ni maswali yanayorudi kila mara watu wanaofanya kazi chini ya ardhi wakianza kusikia habari za radoni. Nimejaribu kuyajibu kwa lugha ya kawaida, na pale penye hesabu nimeweka hesabu, manake kwenye hii mada maneno matupu hayasaidii.

Radoni ni nini hasa na inatoka wapi?

Ni gesi. Haina rangi, haina harufu, haina ladha, hujui kama ipo mpaka upime. Inaanzia kwenye urani iliyomo ndani ya mwamba. Urani inaoza taratibu mno (yaani atomu zake zinavunjika na kutoa mionzi), inapita hatua kadhaa mpaka inakuwa radiamu, alafu radiamu ikioza ndo inazaa radoni. Nusu-maisha ya radiamu, yaani muda wa nusu yake kuoza, ni miaka 1,600, kwahiyo usitegemee mwamba utaishiwa radoni ukisubiri, utatoa leo, kesho na enzi za wajukuu. Radoni yenyewe lakini ina maisha mafupi, kila siku 3.8 nusu yake inakuwa imeshaoza. Kikemia haishikani na kitu, ndo maana inapenya kirahisi kwenye nyufa za mwamba, inatokea ukutani na kuingia kwenye hewa mnayovuta.

Sisi hatuchimbi urani, inatuhusu kweli?

Inawahusu. Urani kidogo kidogo ipo karibu kwenye kila mwamba, na maji ya ardhini yanaweza kubeba radoni kutoka mbali kabisa na mahali unapochimba. Kule St. Lawrence, Newfoundland, Kanada, walikuwa wanachimba florispa, madini ambayo hayana uhusiano wowote na urani, lakini maji yaliyokuwa yanamwagika mgodini yalileta radoni na wachimbaji wengi wakafa kwa saratani ya mapafu. Imetokea pia kwenye migodi ya bati ya Yunnan, China, na ya chuma ya Malmberget, Sweden. Kwahiyo mtu akikwambia "huku ni dhahabu tu, hakuna mionzi," muulize kama amepima.

Ni radoni yenyewe ndo inaua?

Hapa ndo watu wengi wanapopotea, na ukipakosea hapa kila kitu utakachofanya baadaye kitakuwa pungufu.

Radoni ukiivuta sehemu kubwa unaitoa tena ukipumua nje, haina mahali pa kushika. Shida ni watoto wake. Radoni ikioza inazaa poloniamu 218, hiyo nayo ndani ya dakika kama 3 inakuwa risasi 214 (risasi kwa maana ya metali), alafu bismathi 214, alafu poloniamu 214 ambayo inaoza papo hapo. Hawa wote ni vitu vigumu, sio gesi tena, wanang'ang'ania kwenye vumbi, moshi wa dizeli na ukungu wa maji uliomo hewani, ukivuta pumzi wanaganda kwenye kuta za njia za hewa za mapafu na wanaozea pale pale wakirusha chembe za alfa, ambazo ni aina ya mionzi. Chembe ya alfa haiwezi hata kupenya ngozi ya mkono wako, ila ndani ya pafu hakuna ngozi ngumu ya kuizuia, inapiga seli moja kwa moja.

Ilichukua muda mrefu watu kulijua hili. Wachimbaji wa Schneeberg, Ujerumani, waliugua kifua kwa karne nyingi, na mwaka 1879 madaktari Härting na Hesse wakaonesha kwamba ugonjwa ule ulikuwa uvimbe mbaya wa mapafu. Radoni ilikuwa haijagunduliwa bado. Na ni mwaka 1951 tu ambapo William Bale, Mmarekani, alifafanua kwamba dozi kubwa inatoka kwa watoto wa radoni kuliko kwa gesi yenyewe. Katikati hapo watu waliendelea kushuka chini, na hata baada ya hapo, kwenye uwanda wa Colorado, Marekani, wachimbaji wengi wakiwemo Wanavajo, wenyeji wa asili wa huko, walifanya kazi miaka kwenye mashimo yasiyokuwa na feni ya maana bila kuambiwa wanavuta nini. Hilo linaniuma mpaka leo, manake dawa ilikuwa inajulikana na haikuwa kitu cha ajabu, ilikuwa ni hewa.

Nasikia wataalamu wanasema "umri wa hewa," maana yake nini?

Kama utakumbuka kitu kimoja tu kwenye ukurasa huu, kumbuka hiki.

Hewa safi ikiingia mgodini na kukutana na radoni, watoto hawapo bado. Wanaanza kuzaliwa pale pale, na kadiri hewa inavyokaa ndivyo wanavyoongezeka. Tuchukue hewa yenye radoni ya bekereli 3,700 kwa mita ya ujazo (bekereli moja ni atomu moja inayooza kila sekunde). Watoto wote wakishatimia, hewa hiyo ina kiwango kinachoitwa 1 WL (Working Level), ndo kipimo cha watoto wa radoni kinachotumika migodini tangu zamani. Lakini kama hiyo radoni imekutana na hewa dakika 10 tu zilizopita, kiwango ni kama 0.16 WL. Ikifika dakika 40 ni kama 0.5 WL. Baada ya saa 3 watoto karibu wametimia wote. Gesi ni ile ile, kiasi kile kile, ila hewa changa inakuumiza mara sita pungufu ya hewa nzee.

Sasa angalia kinachotokea ukiongeza feni. Ukizidisha mtiririko mara mbili, radoni inashuka nusu, hiyo ni kawaida, umeichanganya na hewa nyingi zaidi. Lakini pia hewa inatoka mapema zaidi, watoto hawapati muda wa kuzaliwa, kwahiyo WL inashuka hadi kama asilimia 28 ya ilivyokuwa, karibu robo. Umeongeza hewa mara mbili umepata faida karibu mara nne. Hakuna njia nyingine yoyote kwenye hii kazi inayokupa hivyo, na ndo maana injinia wa ventilesheni anayejua kazi yake haulizi tu "hewa ni kiasi gani", anauliza "hewa imekaa humu dakika ngapi mpaka imfikie huyu mtu".

Kwanini tusiweke tu filta inayonyonya radoni?

Swali zuri na huwa nalipenda. Radoni ni chache mno kwenye hewa. Hewa yenye bekereli 1,000 kwa mita ya ujazo, kiwango ambacho tayari kinahitaji hatua, ina atomu za radoni kama milioni 480 kwa mita hiyo ya ujazo. Inaonekana ni nyingi, ila hizo atomu zimejificha katikati ya molekuli za hewa ambazo idadi yake ni 25 ikifuatiwa na sifuri 24. Na ni gesi isiyoshikana na kitu, kwahiyo filta ya vumbi haiioni kabisa.

Kinachoweza kuishika kidogo ni mkaa ulioamilishwa, ule unaotumika kwenye filta za maji. Hauiozeshi, unaichelewesha tu mpaka ioze yenyewe. Kilo moja ya mkaa mzuri na mkavu inapitisha kama mita za ujazo 4 za hewa kabla radoni haijaanza kutokea upande wa pili. Mgodi unaopitisha mita za ujazo 100 kwa sekunde, ukitaka asilimia 90 ya radoni ioze humo, lazima uicheleweshe karibu siku 13, ukipiga hesabu inakuja kama tani 27,000 za mkaa. Na hapo hewa iwe kavu, wakati hewa ya mgodini mara nyingi imejaa unyevu na unyevu unauharibu mkaa. Kwa chumba kidogo cha kujihifadhia au kibanda cha mwendeshaji inawezekana kufikiria, kwa mgodi mzima hapana.

Basi filta za vumbi hazina kazi?

Zina kazi kwa sababu watoto wa radoni wamepanda juu ya vumbi. Filta nzuri au mashine ya umeme tuli inawatoa wengi. Ila kuna mawili ya kujua. Kwanza radoni inapita, na watoto wapya wanaanza kuzaliwa palepale nyuma ya filta, kwahiyo filta ikiwa mbali na mtu faida inayeyuka njiani. Pili, ukiondoa vumbi lote, watoto wapya wanakosa cha kupanda, wanabaki vidogo sana peke yao, na hao wadogo wanaganda kwenye njia za hewa za mwili kirahisi zaidi. WL inashuka vizuri kwenye karatasi lakini dozi ya pafu haishuki kwa kiwango kile kile. Filta ni nyongeza nzuri kwenye kabini ya mashine, msingi unabaki kuwa mtiririko.

Hewa ipite wapi?

Njia ya kuingizia hewa ipitishe kwenye mwamba usio na madini kadiri inavyowezekana, na njia ya kutolea ndo ipite kwenye madini. Ukifanya kinyume, hewa inachafuka na kuzeeka kabla haijamfikia mtu wa kwanza. Usirundike mawe yenye madini kwenye njia ya kuingizia hata kwa siku moja, nimeshaona rundo la "muda tu" likakaa wiki tatu na kila kipimo cha mbele yake kikapanda.

Alafu kuna hili la hewa mtumba. Hewa iliyopita sehemu ya kwanza ya kazi inapelekwa sehemu ya pili, kisha ya tatu. Inaokoa feni, lakini mtu wa mwisho anavuta radoni ya wote waliomtangulia pamoja na watoto ambao wameshakua. Kwenye mgodi wenye radoni kila sehemu ya kazi ipate hewa yake, ikitoka hapo iende moja kwa moja njia ya kutokea.

Na kwenye njia isiyotokeza?

Kwenye njia ambayo haijatokea upande wa pili inabidi uwe na feni ndogo na bomba la hewa, lile la turubai au la bati. Bomba liongezwe kila njia inapoongezeka, lisiachwe nyuma, mdomo wake ukiwa mbali na uso wa kazi kunabaki mfuko wa hewa iliyosimama na wale wanaochoronga ndo wamesimama humo. Viraka viangaliwe pia. Bomba lililotoboka linaweza kupoteza nusu ya hewa njiani na feni ikawa inanguruma kama kawaida. Na hiyo feni ndogo iwekwe upande ambao hewa safi inatokea, isivute kuliko kiasi kinachopita hapo, la sivyo inaanza kuzungusha hewa ile ile chafu, inaizeesha bure.

Feni kuu isukume au ivute?

Feni inayovuta inashusha kidogo shinikizo la mgodi, na mwamba unapoona shinikizo limeshuka unatoa gesi zaidi kupitia nyufa. Feni inayosukuma inapandisha shinikizo na kurudisha sehemu ya radoni ndani ya mwamba. Kwa upande wa radoni peke yake kusukuma kuna faida, hasa mwamba ukiwa na nyufa nyingi. Lakini kusukuma kuna gharama zake, milango ya hewa kwenye njia ambazo magari yanapita inakuwa shida, na moshi wa moto unaweza kupelekwa pasipotakiwa. Migodi mingi inavuta, au inachanganya yote mawili. Mimi naona kwanza muhakikishe hewa inatosha na haikai, huu mjadala uje baadaye.

Hali ya hewa ya juu inahusika?

Ndio. Barometa ikishuka, mwamba na sehemu zilizoachwa zinapumua nje, radoni inaongezeka mgodini. Siku hizo pima zaidi.

Sehemu za zamani tulizoacha zifanyweje?

Zifungwe. Hizi ni maghala ya radoni, hewa imekaa humo miezi, watoto wametimia, na mlango ukiachwa wazi yote inavuja kwenye njia mnayopita. Jengeni ukuta, zibeni kingo zake vizuri pale unapokutana na mwamba maana ndo panapovuja, ila ukuta peke yake hautoshi kwa sababu shinikizo likibadilika gesi itapita kwenye nyufa za pembeni. Kinachofanya kazi ni kupitisha bomba dogo kutoka nyuma ya ukuta hadi njia ya kutolea hewa, linavuta kidogo kidogo muda wote ili shinikizo nyuma ya ukuta liwe chini kuliko mbele yake, kwahiyo kama kuna kuvuja ni hewa safi inayoingia na sio chafu inayotoka. Kiasi cha hewa kinachohitajika kwa hiyo ni kidogo sana ukilinganisha na kupitisha hewa kwenye mapango yote ya zamani. Kwa pesa unayotumia hii ni ya pili kwa faida baada ya feni, na inashangaza ni wangapi wanaiacha mpaka mwisho.

Maji yanaingiaje kwenye habari ya radoni?

Maji yanabeba radoni ikiwa imeyeyuka, na maji baridi yanabeba zaidi, ya karibu nyuzi 0 yanabeba kama mara mbili ya yale ya nyuzi 20. Yakiwa kwenye ufa wa mwamba yametulia nayo. Yakidondoka, yakitiririka kwenye mtaro wazi, yakipiga mawe na kuruka, yanaiachia yote hewani kama soda iliyotikiswa. Kwahiyo yakamate pale yanapotokea, yaingize kwenye bomba lililofungwa, yapeleke kwenye bwawa lililo upande wa njia ya kutolea hewa. Maji mengi yakiwa yanaanguka kwenye njia ya kuingizia hewa unaweza ukaweka feni kubwa kiasi gani na bado ukashangaa namba hazishuki. Na usinyunyizie vumbi kwa maji ya mgodini yenye radoni bila kuyapitisha kwanza mahali pa wazi yakaachia gesi, ukifanya hivyo unaisambaza mwenyewe.

Kupaka kuta kunasaidia?

Kunasaidia sehemu za kudumu kama chumba cha kulia, karakana, ofisi ya chini. Kwenye majaribio rangi nzito za plastiki zilizopakwa vizuri zimepunguza zaidi ya nusu ya radoni inayotoka ukutani. Zege ya kupuliza peke yake inapasuka na inapitisha. Kwenye uso wa kazi unaolipuliwa kila siku ni kupoteza rangi.

Tunajaza mashimo kwa mchanga wa mabaki ya kiwandani, tatizo limeisha?

Inategemea huo mchanga umetoka wapi. Kujaza ni kuzuri kwa sababu nafasi tupu inapungua na njia ya hewa inakuwa fupi, hewa haikai. Lakini kiwanda cha urani kinachukua urani na kuiacha radiamu kwenye mabaki, na mama wa radoni ni radiamu. Mchanga huo ukiurudisha chini unaendelea kutoa radoni, alafu unachuja maji yenye radoni wiki za mwanzo. Saruji ikichanganywa humo inapunguza. Pimeni mchanga kabla ya kuujaza na wakati unachuja hakikisheni hewa ya pale inaenda moja kwa moja njia ya kutokea.

Feni ikizimika inakuwaje?

Watu watoke, kwa utaratibu lakini bila kusubiri kuona kama umeme utarudi. Watoto wa radoni hawasubiri, ndani ya saa moja kiwango kimepanda vibaya, na radoni yenyewe inaendelea kujaa, siku mbili za kusimama zinaifikisha karibu theluthi moja ya kilele chake. Ndo maana kuzima feni wikiendi kuokoa umeme ni hesabu mbaya, Jumatatu asubuhi shifti ya kwanza ndo inalipa hiyo bili kwa mapafu yao.

Kuna jambo moja la kuwasha tena ambalo linasahaulika sana. Ukiwasha feni, ile hewa yote nzee iliyokuwa imekaa inaanza kusafiri kama kifurushi kimoja kuelekea njia ya kutolea. Mtu akiwa huko, hata kama ni fundi aliyeenda kurekebisha feni yenyewe, inampitia yote. Kwahiyo njia ya kutolea iwe tupu kwanza, washa, acha hewa ibadilike mara kadhaa, aingie mpimaji mwenye barakoa, namba zikiwa sawa ndo wengine wafuate.

Sisi ni wachimbaji wadogo, tuna shimo moja na hatuna feni kubwa. Tufanyeje?

Shimo moja lililoziba chini ni mahali pabaya kwa radoni na kwa gesi zingine pia. Hewa ya asili inatembea kwa tofauti ya joto kati ya ndani na nje, joto likilingana inasimama kabisa, na majira yakibadilika inaweza kugeuka upande. Kitu cha kwanza ni kuunganisha mashimo mawili yenye midomo ya urefu tofauti, moja likiwa juu kidogo mlimani, hapo hewa inapata sababu ya kupita. Cha pili ni blowa iliyokaa juu ardhini na bomba linalofika hadi mnapochimba, iwashwe kabla hamjashuka na isizimwe mpaka wa mwisho apande. Injini ikae juu, mbali na mdomo wa shimo, upande ambao upepo hauleti moshi wake ndani, kamwe isishushwe chini, moshi wake unaua ndani ya dakika wakati radoni inachukua miaka. Hosi ya kompresa inapoza uso wa kazi lakini kiasi chake cha hewa ni kidogo, usiihesabu kama ventilesheni.

Msilale chini. Msile chini. Mkipumzika pandeni juu. Kila saa usiyokaa chini bila sababu ni dozi ambayo hukuipata, na hii haiitaji pesa yoyote.

Radoni ni nzito, si itakaa chini miguuni?

Ni nzito kama mara 7.5 ya hewa, kweli, lakini ni chache sana na hewa inayotembea inaichanganya yote. Usitegemee kwamba ukisimama umeikwepa. Mashimo ya maji na mahandaki ambayo hewa haigusi kabisa ndo yanaweza kuikusanya.

Barakoa inatosha?

Barakoa ya mpira inayobana uso vizuri na yenye filta za daraja la juu inazuia watoto wa radoni, na kwa sababu wao ndo wenye dozi kubwa, inasaidia sana. Ya kitambaa au ya hospitali haibani, hewa inapita pembeni. Ndevu nazo zinavunja ule mbano. Sheria za Marekani zinataka barakoa pale panapozidi 1 WL, na zaidi ya 10 WL lazima iwe inayoleta hewa kutoka nje au inayoondoa na radoni yenyewe. Ila kuvaa shifti nzima kwenye joto, unachoronga, unaongea, unatoa jasho, kila mtu anajua inaishia kushushwa shingoni. Iwe ya dharura, ya matengenezo na ya kuingia sehemu zilizofungwa. Mgodi unaotegemea barakoa kila siku una tatizo la feni.

Tunapimaje?

Kifaa cha methani hakiioni radoni. Kaunta ya Geiger nayo inakuonesha mionzi ya gama ya mwamba, sio kilichomo hewani. Njia ya Kusnetz, ya tangu 1956, bado ni nzuri: unavuta hewa kwenye filta dakika 5, unasubiri kati ya dakika 40 na 90, unahesabu alfa zilizo kwenye filta, unapata WL. Ni rahisi na inakupa namba siku hiyo hiyo. Kuna mashine zinazopima mfululizo, nzuri kwa kuonesha feni ikizimika usiku. Alafu kuna vipande vidogo vya plastiki ambavyo alfa inaviachia alama, vinavaliwa au kutundikwa miezi, vinafaa kwa rekodi ya mtu lakini havikwambii leo kuna nini.

Pimeni mahali watu wanapovutia pumzi, wakati wa kazi, sio baada ya kusafisha mgodi kwa ajili ya mkaguzi. Na mchimbaji aoneshwe namba zake, ni mapafu yake.

Kiwango kinachoruhusiwa ni kipi?

Kinatofautiana. Ukikaa saa 170 kwenye 1 WL umepata kitu kinaitwa 1 WLM (Working Level Month). Marekani mpaka wa mchimbaji ni 4 WLM kwa mwaka tangu 1971, na sehemu ya kazi isizidi 1 WL. Ukifanya kazi mwaka mzima kwenye 0.3 WL unafika 3.6 WLM, yaani karibu unagonga mpaka. Mwaka 1987 taasisi ya huko ya usalama kazini, NIOSH, ilipendekeza 1 WLM tu. Shirika la nguvu za atomiki la kimataifa, IAEA, linatumia bekereli 1,000 kwa mita ya ujazo kama kiwango cha rejea kazini, Umoja wa Ulaya 300. Wataalamu wa ICRP, tume ya kimataifa ya kinga dhidi ya mionzi, sasa wanahesabu 1 WLM kama milisiveti 10 hivi (milisiveti ni kipimo cha dozi ya mionzi), na mfanyakazi wa mionzi anatakiwa asizidi wastani wa 20 kwa mwaka, kwahiyo ukiweka hizo pamoja utaona ile 4 imepitwa. Mimi ningelenga chini ya 1 na ningeona aibu kujisifia 3.9.

Sigara ina uhusiano?

Mkubwa. Sigara na radoni vikikutana hatari inazidi jumla ya vyote viwili. Marekani imekatazwa kuvuta kwenye sehemu za mgodi ambazo rekodi za radoni zinatakiwa. Lakini wasiovuta nao wanaugua, kwahiyo kampuni isitumie sigara ya mtu kama kisingizio cha feni mbovu.

Madini yakiwa makali sana feni inatosha?

Kuna mahali haitoshi. Cigar Lake na McArthur River, Saskatchewan, Kanada, madini yana urani nyingi mno na yamezungukwa na maji yenye shinikizo. Kule wanagandisha ardhi kwa maji ya chumvi baridi yanayozungushwa kwenye mabomba, ili maji yasiingie na radoni yao, alafu wanachimba watu wakiwa wamesimama kwenye mwamba usio na madini, mashine ndo zinagusa. Cigar Lake wanakata madini kwa maji ya shinikizo kubwa na kuyasafirisha ndani ya mabomba. Feni zipo na ni kubwa, ila kazi kubwa imefanywa kwa kutoiruhusu radoni iingie.

Hewa tunayoitoa nje haiwadhuru wa juu?

Ikitoka juu na kwa kasi inachanganyika haraka, hewa ya nje ni nyingi. Kosa ni kuweka mdomo wa kutolea karibu na mdomo wa kuingizia, au upande upepo unapotoka, mnaivuta tena. Makazi na ofisi yasijengwe karibu na mdomo huo.

Mgodi ukifungwa radoni nayo inaisha?

Haiishi, radiamu bado ipo chini. Mashimo na nyufa zinaendelea kupumua kufuatana na barometa na joto, na nyumba zilizo juu ya njia za zamani zinaweza kujaa. Kule Schlema, Ujerumani, uchimbaji wa urani wa kampuni ya Wismut ulisimama mwanzoni mwa miaka ya 1990, lakini imebidi feni iendelee kuvuta hewa ya mgodi ule wa zamani, ili shinikizo la chini libaki dogo na radoni isipande kwenye vyumba vya watu wanaoishi juu yake.